Mbwa Wako Kambini: Uliza Chanjo Kwanza, Hema Baadaye

Msomaji, iwapo una hema na pia una mbwa, huenda umewahi kujiuliza: je, iko kambi itakayonipokea pamoja na mnyama wangu? Hapo zamani swali hili lilikuwa la wageni wachache waliozunguka nchi na magari ya kulala, mbwa ametoa kichwa dirishani. Siku hizi ni la wengi. Simama hapa Makutano, Meru mjini, Jumamosi moja asubuhi wakati wa likizo, nawe utajionea: magari kutoka Nairobi, mengine yamebeba hema juu ya paa, yameegeshwa kando ya barabara watu wakinunua ndizi, nyama na makaa; na kwenye kiti cha nyuma, katikati ya watoto na mablanketi, ulimi mrefu unaning'inia.

Sina ugomvi na jambo hilo. Mtu anayefuga mbwa hutembea zaidi, na mtoto aliyezaliwa kwenye ghorofa za mjini hujifunza mengi akilala usiku mmoja chini ya nyota huku mnyama wake akikoroma miguuni pake. Ugomvi wangu ni na swali lenyewe. Watu hupiga simu na kuuliza, "Mnaruhusu mbwa?" Wakijibiwa ndiyo, hufunga mizigo. Wachache sana huuliza kama mbwa wa mahali hapo wamechanjwa, na mwenye kambi naye ni nadra kumwuliza mgeni kama mbwa wake amechanjwa. Ni kama kununua kiatu kwa kutazama rangi bila kujua nambari ya mguu.

Tuanze na penye mlango uliofungwa, maana hapo ndipo wengi hupoteza safari. Ukiwa Makutano ya Meru unaweza kuelekea Maua hadi Mbuga ya Taifa ya Meru. Unaweza kupanda upande wa Timau na Nanyuki ukaingia Mlima Kenya kwa lango la Sirimon. Unaweza pia kuteremka kupitia Nkubu na Chogoria hadi Chuka na Embu, na kutoka huko ukatafuta Hifadhi ya Mwea kando ya bwawa la Kamburu. (Ukiambiwa "tukutane Makutano", hakikisha ni Makutano ipi; ile ya kwenye njia panda ya kwenda Embu na Nyeri iko mbali na hapa, na Kenya ina nyingine nyingi.) Kote huko kuna nafasi nzuri za kupiga hema, na kote huko shirika la KWS haliruhusu mnyama wa kufugwa kuingia. Awe mkubwa kama ndama au mdogo wa kutoshea kwenye kikapu, jibu ni lile lile.

Nimewasikia watu wakinung'unika kwamba sheria hii ni ukaidi wa askari wa langoni. Si ukaidi. Mwaka wa 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliwaingia simba wa Serengeti, Tanzania, ukaenea hadi Maasai Mara. Takriban simba 1,000 walikufa, yaani karibu thuluthi moja ya simba wote wa eneo hilo. Watafiti walipofuatilia chanzo, walielekezwa kwa mbwa wa kufugwa katika vijiji vinavyopakana na mbuga. Miaka michache kabla ya hapo, mbwa mwitu wa eneo hilo hilo walikuwa wameangamizwa na kichaa cha mbwa. Na kama unadhani hayo ni ya mbali, mwaka wa 2017 distempa iliwamaliza karibu mbwa mwitu wote wa Laikipia, ng'ambo tu ya Mlima Kenya kutoka hapa tulipo. Mbwa wako huenda ana virusi hivyo na bado anatikisa mkia. Askari langoni hawezi kujua, nawe pia huwezi.

Lakini kuna wanaojua sheria na bado wanatafuta njia. Mmoja humfunika mbwa kwa blanketi chini ya kiti. Mwingine humfunga kwenye kibanda cha muuza chai nje ya lango, akaingia kutazama ndovu siku nzima. Mwingine humwacha ndani ya gari, kioo kimeshushwa inchi moja. Huyu wa mwisho ndiye anayeniudhi zaidi. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda joto kwa nyuzi 10 katika dakika 10 tu, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili hasa kwa kuhema. Hapa Makutano hewa ya mlima huwadanganya watu wakadhani huko waendako ni baridi vile vile. Teremka upande wa mbuga ya Meru au nyanda za Mbeere, uone jinsi bati la gari linavyowaka kufikia saa nne asubuhi.

Basi uende wapi? Jibu langu ni kwamba utafute nje ya mbuga, kwenye ardhi ya mtu. Kuna wenye mashamba, hasa upande wa Timau na Nanyuki, wanaokodisha uwanja wa kupiga hema, na baadhi yao hupokea mbwa kwa masharti. Sitakutajia majina, kwa sababu masharti hubadilika mwenye shamba anapopata kondoo wapya au anapochoshwa na wageni wasioheshimu ua. Piga simu, na ukijibiwa kwamba mbwa anaruhusiwa, omba jibu hilo kwa maandishi ili usirudishwe langoni saa kumi na mbili jioni na watoto wenye njaa. Usidhani kila msitu una kanuni kama za Karura kule Nairobi, ambako mbwa wa kamba ni jambo la kawaida. Misitu ya Mlima Kenya inapakana na mbuga na ina wanyama wakali, kwa hiyo uliza ofisi inayohusika kabla ya kuingia na mnyama.

Kuna kambi nyingine ambayo watu wa mjini huidharau, nayo ni boma la nyumbani. Kama wazazi wako wana shamba Nkubu, Chuka au Runyenjes, piga hema kwenye nyasi za mama mzee. Choo kipo, maji yapo, hakuna anayekutoza pesa, na mbwa wako atakaribishwa, ijapokuwa mzee atashangaa kusikia kwamba analala ndani ya hema na wajukuu. Mara nyingi hii ndiyo kambi bora ya mbwa katika sehemu hizi. Hata hivyo, ndiyo pia yenye hatari ninayotaka kukueleza, kwa sababu mbwa wa mzee na mbwa wa jirani hawana kamba wala cheti.

Hatari hiyo ni kichaa cha mbwa. Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa viungani mwa Nairobi, na haujatuacha tangu siku hiyo. Ulimwenguni kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia. Katika visa 99 kati ya 100 mwanadamu huupata kutoka kwa mbwa. Na kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Nakuomba utafakari tarakimu hiyo ya mwisho. Ni nani kambini anayekimbia na mbwa mgeni, anayemnyang'anya mfupa, anayekumbatia shingo ya mbwa asiyemjua? Si wewe uliyekaa kwenye kiti ukigeuza nyama.

Virusi hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa jeraha la meno, kwa mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Baada ya hapo hutambaa polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi 2 au 3, lakini yaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima. Ubongo ukishafikiwa na mgonjwa kuanza kuogopa maji, karibu kila mara hakuna daktari wa kumwokoa. Lakini kabla ya hapo ugonjwa huu huzuilika kabisa. Ndiyo maana nasema mtoto anayekufa kwa kichaa cha mbwa leo hakuuawa na mbwa peke yake. Aliuawa pia na watu wazima waliosema, "Ni mkwaruzo tu, utapona."

Sasa rudi kwenye ile simu ya kuuliza kambi. Ningependa uulize hivi: mbwa wenu wamechanjwa lini? Na mbwa wa majirani je? Hospitali ya karibu yenye chanjo ya binadamu iko umbali gani? Mwenye kambi akikosa subira na maswali haya, tafuta kambi nyingine. Akikuuliza wewe cheti cha mbwa wako kabla hujamaliza kuuliza chako, umepata mahali pazuri, hata kama choo chake ni cha shimo.

Nawe uwe na cheti cha kuonyesha. Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Kama ni mara yake ya kwanza, mchanje wiki 4 kabla ya safari, kwa maana kinga haizaliki siku ile ile ya sindano. Usimpeleke Ijumaa halafu Jumamosi mkaondoka. Na ufahamu kwamba chanjo ya kichaa haizuii distempa. Hiyo ina sindano yake. Wengi huonyesha karatasi ya chanjo moja wakidhani imemaliza kila kitu.

Serikali ilizindua mwaka wa 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Hesabu hiyo haifikiwi kwa kuchanja mbwa wa matajiri peke yao. Kwa maoni yangu, mwenye kambi anayetaka kuandika kwenye kibao chake "Mbwa Karibu" angeanza kwa kumwita daktari wa mifugo wa kaunti siku moja kwa mwaka, akawakusanya mbwa wa majirani wote uwanjani pake wachanjwe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujenga bafu jipya, na wageni wake wangelala usingizi. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ingefaa sana kwa shughuli hiyo. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kumkumbuka Louis Pasteur, aliyefariki tarehe hiyo mwaka wa 1895, miaka 10 baada ya kumchanja mtoto Joseph Meister aliyekuwa ameumwa na mbwa.

Je, mtoto akiumwa mkiwa kambini? Usimkimbilie mbwa, kimbilia maji. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, tena kwa saa, kwa sababu dakika 15 huku mtoto analia ni ndefu kuliko unavyodhani. Paka ayodini au spiriti kama unayo. Usipake pilipili, mafuta ya gari, ugoro wala majani yaliyotafunwa. Usifunge kidonda kwa nguvu, wala usiharakishe kishonwe. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Meru mjini kuna hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, na Embu vile vile. Maua ina hospitali ya Methodisti na Chogoria ina ya PCEA. Piga simu njiani uulize kama chanjo ipo, maana dawa huisha wakati mwingine, na ni heri ujue mapema uelekeze gari kwingine. Siku hizi sindano hudungwa mkononi, si zile za tumboni walizokuwa wakitusimulia wazee, lakini ni kadhaa na zina ratiba ya wiki mbili au zaidi. Likizo ikiisha katikati ya ratiba, endelea nazo hospitali ya kwenu. Kwa jeraha baya daktari ataongeza dawa ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe.

Na yule mbwa? Asiuawe kwa mawe, ikiwa anaweza kufungiwa salama. Mbwa aliyeuma akizuiliwa na kutazamwa kwa siku 10, akabaki mzima, basi hakuwa na virusi kwenye mate siku ile. Taarifa hiyo humsaidia sana daktari. Lakini usingoje siku hizo 10 ziishe ndipo uanze matibabu.

Kuna mambo mengine yanayomhusu mnyama mwenyewe. Ukanda wa mbuga ya Meru una mbung'o, na mbung'o huambukiza nagana, ambayo mbwa hawaivumilii kabisa. Mbwa aliyerudi kutoka nyanda za chini akaanza kukonda, kupata homa na macho kuingia ukungu wa buluu, mpeleke kwa daktari na umwambie mlikuwa wapi. Usipotaja safari, huenda akatibiwa ugonjwa mwingine kabisa.

Kupe nao si wa kuchezea. Elsa, yule simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson na kuifanya Meru ijulikane duniani, hakuuawa na simba wenzake wala na bunduki. Alikufa mwaka wa 1961 kwa ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe, akazikwa huko huko kwenye ardhi ambayo sasa ni mbuga. Ikiwa kupe walimweza Elsa, mbwa wako wa Nairobi aliyezoea zulia atafanya nini? Mpake dawa ya kupe kabla ya safari, na kila jioni mpapase masikioni, makwapani na katikati ya vidole. Wapapase na watoto pia.

Halafu nyama. Mkichinja mbuzi kambini, mbwa atasimama akingoja mapafu na ini, nanyi mtamwonea huruma. Msimpe vikiwa vibichi. Humo mwaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo ambao hukua ndani ya mbwa, mayai yake yakatoka na kinyesi, mwisho yakaingia tumboni mwa mtoto aliyeshika manyoya akala bila kunawa. Mtu huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, wakati mwingine mkubwa kama kichwa cha mtoto. Turkana kwa miaka mingi ilitajwa miongoni mwa mahali penye ugonjwa huu kwa wingi zaidi duniani. Chemsha matumbo yaive kabisa au yazike shimo refu, na mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Kinyesi chake nacho kizikwe, mbali na mto. Nimeshangaa kuona watu waliovaa vizuri wakiacha mbwa ajisaidie hatua tano kutoka pale ambapo wenyeji wanateka maji.

Usiku mbwa alale ndani ya hema au ndani ya gari pamoja nanyi, madirisha yakipitisha hewa. Asifungwe nje kwenye mti. Chui anapenda mbwa kama sisi tunavyopenda mbuzi, na misitu ya mlima huu ina chui na fisi. Mchana awe na kamba. Mbwa asiye na kamba humfuata nyati au ndovu kwa kelele, na mnyama akigeuka, mbwa hukimbilia kwa mwenyewe, yaani kwako, akikuletea mgeni. Kando ya Tana na mabwawa yake usimwache anywe ukingoni, mamba hachagui. Hata hapo Makutano mfunge kamba kabla ya kufungua mlango wa gari, si baada, kwa sababu pikipiki hazina breki za kutosha wala waendeshaji hawana subira.

Nimeulizwa pia kuhusu paka. Paka hapendi safari, hapendi hema, na akitoka usiku mmoja mahali asipopajua hamtamwona tena. Mchanje dhidi ya kichaa kama mbwa, kisha mwachie jirani pamoja na pesa za maziwa.